Kompyuta ya Steshenari Bado Ina Kazi

Ukishuka mwendokasi pale Magomeni Mapipa, Dar es Salaam, ukaingia mitaa ya ndani, hutembei mbali kabla hujakutana na steshenari. Ni chumba kimoja, mashine ya kutolea kopi mlangoni, printa pembeni, na nyuma ya kaunta kompyuta ya mezani ya mtumba, Dell au HP, iliyotumika miaka kadhaa kwenye ofisi za watu ng'ambo kabla ya kufika dukani Kariakoo. Hapo ndipo barua ya kuomba kazi inapochapwa, maombi ya mkopo wa masomo wa HESLB yanapojazwa, na mtu anapoingia kwenye mfumo wa RITA kuombea mtoto cheti cha kuzaliwa. Kompyuta hiyo ikianza kuganda, foleni inasimama na mteja anavuka barabara kwenda kwa jirani. Hapo fundi ataitwa, atapiga Windows upya, na baada ya miezi michache itaganda tena, hadi mwenye duka aambiwe kwamba mashine imechoka, atafute nyingine. Kwa kompyuta nyingi za aina hii hukumu hiyo naiona imetolewa mapema mno, na mtaji wa mwenye duka ndio unaoumia.

Tuanze na neno hilo "imechoka". Prosesa iliyotengenezwa mwaka 2013, kama haijaungua wala kujaa vumbi la kuizuia kupoa, inafanya hesabu leo kwa kasi ileile ya siku ilipotoka kiwandani. Kilichobadilika ni mzigo iliobebeshwa. Windows 10 peke yake, kabla hujafungua chochote, inaweza kula gigabaiti moja na nusu au mbili za RAM. Mashine yenye gigabaiti mbili inabaki mikono mitupu, kwa hiyo inaanza kutumia diski kama RAM ya akiba, na ile diski ya zamani inayozunguka ni ya polepole mno kwa kazi hiyo. Tazama taa ndogo ya diski mbele ya kasha siku kompyuta inapoganda: inawaka mfululizo bila kupepesa, ingawa mhudumu ameomba kufungua ukurasa mmoja tu. Taa hiyo inaonyesha mashine inavyohangaika kuhamisha vitu kati ya RAM na diski. Kifaa chenyewe hakijaharibika.

Kisha likaja suala la tarehe. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Watumiaji wa nyumbani wakaongezewa mwaka mmoja wa masasisho ya usalama kwa kujiandikisha, lakini mwaka mmoja si muda mrefu. Windows 11 nayo inadai RAM isiyopungua gigabaiti 4, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, prosesa ambazo karibu zote ni za kizazi cha 8 kwenda mbele, kizazi kilichoanza kuuzwa mwaka 2017. Kompyuta kadha wa kadha za steshenari zetu ni za kabla ya hapo. Zimewekwa kando na masharti ya kampuni zikiwa bado zinawaka.

Hapa ndipo Linux nyepesi inapoingia. Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, ilianza mwaka 1991 kwa kazi ya mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, na leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia, kuinakili, kuibadilisha na kuigawa. Kwa sababu hiyo yapo matoleo mengi, na baadhi yametengenezwa makusudi kwa mashine dhaifu. Mwenye gigabaiti 4 za RAM atatulia na Linux Mint toleo la Xfce, ambayo sura yake haimpotezi mtu aliyezoea Windows. Mwenye gigabaiti 2 ajaribu Lubuntu. Mwenye gigabaiti 1 aende antiX au Puppy Linux; hii ya pili ni ndogo kiasi kwamba inaweza kupakiwa yote ndani ya RAM. Zile mashine kongwe za biti 32 zinahitaji uangalifu, maana matoleo makubwa yanaziacha moja baada ya jingine. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine hizo. antiX bado haijazitupa.

Faida kubwa kwa steshenari, kwa maoni yangu, hata si kasi. Ni flashi. Kila mteja anakuja na yake, na kompyuta ya duka inazipokea zote kutwa nzima. Kuna kile kirusi kinachofahamika mtaani: unafungua flashi unakuta mafaili yako yamegeuka njia za mkato, ukibofya moja kirusi kinaingia kwenye mashine, na flashi ya mteja anayefuata inaondoka nacho. Kwenye Linux njia hizo za mkato haziendeshi chochote, na mafaili halisi yaliyofichwa na kirusi kwa kawaida yanaonekana wazi kwenye orodha. Mwanafunzi aliyedhani ripoti yake imepotea anaipata palepale kaunta. Sisemi Linux haishambuliki. Inashambuliwa, hasa kwenye seva. Lakini virusi vinavyozunguka Magomeni ndani ya flashi viliandikwa kwa ajili ya Windows.

Watu watasema: Windows ni bure tayari, fundi anakuja nayo. Kweli, na hiyo Windows iliyochakachuliwa mara nyingi inawashwa kwa programu zinazomtaka fundi azime kwanza ulinzi wa virusi. Yaani mlango unavunjwa siku ileile nyumba inapokabidhiwa. Kwenye kompyuta inayopokea namba za NIDA na picha za vyeti vya watu, hilo si jambo dogo. Kunakili Linux, kinyume chake, ni halali kabisa, na hili linajibu pia hofu ya bando: faili la Mint lina takribani gigabaiti 3, lakini fundi mmoja akilipakua, mtaa mzima unaweza kunakili kwake.

Pingamizi zito zaidi ni la Word, na hili halifai kupuuzwa. LibreOffice, programu ya bure ya ofisi inayotumika kwenye Linux, inafungua na kuhifadhi nyaraka za Word, na ina herufi za Carlito zilizopimwa zilingane na Calibri ili mistari isihame. Barua na CV zinakaa sawa, hasa zikitumwa kama PDF. Jedwali la Excel lenye makro linaweza kukataa, na anayetengeneza kadi za mchango wa harusi kwa Photoshop au Publisher asiihamishe mashine hiyo kwenda Linux. GIMP na Inkscape ni nzuri, ila zinataka kujifunza upya. Mifumo ya HESLB, RITA na Sekretarieti ya Ajira yenyewe inafunguka kwenye kivinjari, Firefox au Chrome, vilevile. Ila kivinjari kina ulafi wake: kurasa kumi zikifunguliwa kwenye gigabaiti 2 za RAM, Linux nayo itaelemewa. Zikipatikana fedha kidogo, nunua kwanza SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi.

Wapo wanaosema mambo haya ni ya kigeni na mafundi hawayajui. Lakini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki mradi wa Kilinux, na mwaka 2004 ukatolewa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. LibreOffice ya leo ni mtoto wa OpenOffice hiyohiyo, aliyezaliwa 2010. Kazi iliwahi kuanzia hapahapa mjini. Mafundi wanaojua kupiga Windows watajifunza Linux kwa siku chache, mradi wateja waanze kuiomba.

Na kujaribu hakuhitaji kufuta kitu. Faili la mfumo linaandikwa kwenye flashi ya gigabaiti 8 kwa programu kama Rufus, kisha kompyuta inawashwa huku ukibonyeza F12 kwa Dell au F9 kwa HP ili ianzie kwenye flashi. Linux inawaka kutoka humo, diski ikibaki kama ilivyokuwa. Itakuwa nzito kidogo kuliko ikishasakinishwa, lakini inatosha kupima. Usichague kufuta diski kabla nyaraka zote hazijanakiliwa pembeni, maana chaguo hilo halina kurudi nyuma. Jambo la kupima kwanza ni printa: nyingi za HP zinakubali bila shida, ilhali baadhi ya leza za zamani za Canon ni kaidi. Basi kabla hujamwita mkusanya vyuma chakavu, chomeka flashi hiyo, unganisha printa ya duka na uchapishe barua moja. Ikitoka safi, usiiuze kompyuta hiyo.