Nzi wa embe na hesabu ya feza

Wandugu wanafunzi, sisi wote tunajua embe yenye kuonekana nzuri inje, lakini ndani imejaa funza. Ni kazi ya nzi aliyetoka Asia. Katika Afrika alionekana kwanza Kenya mwaka wa 2003, kisha akaenea mpaka Kongo. Jike anatoboa ganda na kutaga mayai ndani. Basi ukipuliza dawa juu ya ganda, funza haimufikie. Inaua tena wadudu wenye kumula huyo nzi. Feza imekwenda bure mara mbili.

Funza akikomaa anatoka katika embe, anaingia udongoni, anageuka nzi. Hapo ndipo tumukamate. Okota kila siku embe zilizoanguka (ndiyo, hata zile za kunuka!), uzifukie katika shimo la nusu metre, ao uzifunge katika mufuko mweusi wa plastiki, uuache juani. Bei ni jasho tu. Tuseme chupa ya dawa inakula bei ya ndoo tatu za embe: ndoo tatu hizo zinabaki kwa minerval.

Lakini jirani asipookota, nzi wake wanavuka lupango. Mwenye miembe 2 anaweza kuharibu kazi ya mwenye 20. Na miembe ya shule nayo iko jirani ya mutu. Kuanzia juma lijalo, kikundi cha kufagia kitaokota kila asubuhi mbele ya masomo.