Aluminiyumu na kutu yake

Wengi husema aluminiyumu haipati kutu. Sivyo. Mara inapokutana na hewa hujivika ngozi ya oksidi, nyembamba hata haionekani kwa macho, nayo ndiyo inayoilinda. Ukiikwaruza, hujirudisha yenyewe. Kuba la kanisa la Mtakatifu Yoakimu, Roma, lilifunikwa kwa aluminiyumu mwaka 1897, likadumu.

Lakini ngozi hiyo ina adui: chumvi, soda kali, maji ya majivu (mkiyaacha usiku kucha ndani ya sufuria, mtaona rangi yake asubuhi), na zaidi shaba. Shaba ikigusa aluminiyumu penye unyevu, umeme mdogo huzaliwa, na aluminiyumu ndiyo inayoliwa. Basi bati la aluminiyumu msilipigilie kwa misumari ya shaba.

Shaba iliyochanganywa ndani nayo huleta taabu. Duralumini ya ndege, yenye shaba karibu 4 kwa mia, ni ngumu sana lakini huliwa upesi. Kwa hiyo mabamba yake huvikwa aluminiyumu safi pande zote mbili. Au huzamishwa katika asidi ya salfa na kupitishiwa umeme, ngozi ikanenepa. Kisha huchemshwa majini ili vitundu vyake vizibe.