Wafiadini wa Córdoba mbele ya kadhi

Mwaka 851 mtawa Isaac alishuka kutoka monasteri ya Tábanos, milimani karibu na Córdoba, mji wa Hispania uliotawaliwa na Waislamu, akaenda moja kwa moja kwa kadhi. Hakuwa mgeni mjini: kabla ya utawa alikuwa afisa wa serikali, na Kiarabu alikijua barabara. Akaomba afundishwe Uislamu. Kadhi alipoanza kueleza, Isaac akamkatiza na kumkashifu Mtume. Kadhi akamzaba kofi, waliokaa naye wakamzuia. Akamuuliza: umelewa, au umerukwa na akili? Ulikuwa mlango wa kutokea, na Isaac akaukataa. Tarehe 3 Juni alikatwa kichwa, maiti ikatundikwa miguu juu ng'ambo ya mto Guadalquivir.

Kati ya 850 na 859 Wakristo wapatao 48 waliuawa katika mji huo. Hawakusakwa nyumba kwa nyumba. Mkristo aliyelipa jizia, kodi ya wasio Waislamu, alikuwa na kanisa lake, askofu wake, hata mahakimu wake. Kilicholeta upanga ni mambo mawili: kumkashifu Mtume, na kuritadi. Hilo la pili ndilo lililomnasa Flora. Mama yake Mkristo alimlea katika imani yake, lakini baba alikuwa Mwislamu, na kisheria mtoto humfuata baba. Aliyemshtaki ni kaka yake mwenyewe.

Wakristo wenyewe waligawanyika. Wengi walikula mkate wa serikali na waliona watu hawa wanawatia matatani. Mwaka 852 maaskofu, kwa amri ya amiri, walikataza watu kujitafutia kifo. Wapinzani walihoji: mbona hakuna miujiza? Mbona wanakufa kwa pigo moja, bila mateso, tena mikononi mwa watu wanaomwabudu Mungu mmoja?

Hoja hizo tunazijua kwa sababu padri Eulogius aliziandika ili azijibu. Karibu habari zote zimetoka kwake, nami humsoma kwa tahadhari: wakili hasimulii kesi kama hakimu. Hata hivyo, aliyoyatetea aliyalipia. Alimficha Leocritia, binti wa Kiislamu aliyebatizwa, akakamatwa, akakatwa kichwa tarehe 11 Machi 859. Leocritia alimfuata siku nne baadaye.

Mwaka mmoja kabla, mtawa Usuard alikuwa ameshachukua masalia ya George na Aurelius, wawili kati ya wafiadini hao, kwenda nayo Paris, na majina yao akayaingiza katika orodha yake ya wafiadini.