Kutembea ndani ya mto, chini ya Nzilo

Sisi wa Kolwezi tunajua mayi ya kuosha mawe na mayi ya kubeba na bidon. Lakini kuingia mtoni na miguu siku ya Dimanche, kwa furaha tu? Wengi wanacheka: hiyo ni kazi ya wazungu. Basi wajue kama Wajapani wana jina lake, sawanobori, kupanda mto kwa miguu, na Wafaransa wanaita randonnée aquatique.

Inchi yetu inafaa. Kisha kupita Nzilo, Lualaba inateremka kutoka mlimani kwenda Upemba, karibu metre 457 katika kilometre 72. Vijito vinavyoingia mule vinaruka juu ya mawe, mayi safi, mpaka magoti, pengine mpaka kiuno. Musonoi tuiache: miaka mingi mabaki ya kiwanda yalimwagwa mule.

Tulienda watu wane, mwanzo wa mwezi wa kumi. Wawili wetu wanafanya kazi chini ya udongo. Tulipita kwanza kwa shefu kumsalimu, naye akatupatia mvuvi mmoja, papa mwenye mvi. Zamani, safari za pwani zilipofika Lualaba, mtu wa namna hii aliitwa kirongozi. Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871 akidhani Lualaba ni Nile, na Stanley ndiye aliyeifuata mpaka baharini, 1877. Vitabu vinajaa majina yao. Ya wale waliotembea mbele hatuyaoni.

Papa aliangalia kwanza miguu yetu. Mmoja alikuja na bote za mine. "Toa ile. Ikijaa mayi, itakukokota." Akavaa viatu vya kufunga kamba, na soksi. Kaske za kazini tulibaki nazo, kwani mawe yanateleza kuliko ngazi ya chini.

Kila mtu alikata fimbo. Tulifundishwa kuvuka tukielekeza uso kule mayi inakotoka, fimbo mbele kama mguu wa tatu, na kuvuka pale mto ni mpana, sababu pembamba ndipo penye urefu na nguvu. Ukianguka, usisimame haraka: mguu ukikamatwa kati ya mawe, mayi inakulaza. Lala chali, miguu mbele, mpaka pale inapotulia. Na penye mayi inayolala, penye majani, hatukuingia. Pale kuna konokono za kichocho, na mamba pia hapendi kelele.

Hatukutembea katika Lualaba yenyewe. Chini ya baraji mayi inaweza kupanda bila mvua hata tone, saa wanapofungua. "Ile inakuyaka bila kupiga hodi," papa alisema.

Karibu saa sita jua liliwaka, mbingu bluu. Mbele yetu kulikuwa maporomoko madogo, na mwenzetu wa mine alishapanda jiwe la kwanza. Papa akasimama. Hakusema kitu, alionyesha na fimbo: majani makavu matatu, kisha povu, kisha mayi ikageuka rangi ya chai. "Mvua imenyesha kule juu. Tutoke." Mwenzetu akabisha: dakika tano tu, papa, nipige foto! Papa akarudi nyuma, akamshika mkono, mutu muzima, kama mutoto wa kupelekwa masomo.

Tulipanda ukingo kwa magoti. Hatukuhesabu dakika, lakini sigara ya mmoja wetu ilikuwa haijaisha. Jiwe lile lilipotea, na kelele ikawa kama mashini ya kusaga. Mwenzetu alikaa chini, hakuongea. Baadaye alituambia kama kule galerie, chef d'équipe akisema toka, hakuna mtu anayeuliza dakika tano. Yeye mwenyewe ndiye anayewafundisha wapya hivyo.

Mchana tulikula bukari na samaki kwa papa. Mke wake alicheka alipoona suruali zetu zinakauka juu ya paa. Tulimlipa papa mafranga tuliyopatana asubuhi, na tulimwongezea kidogo, ingawa hakuomba. Mwenzetu akauliza kama tunaweza kurudi Dimanche ijayo na watoto.

"Hapana," papa akajibu. "Mukuye mwezi wa saba. Ile saa mayi iko inalala."