Saratani ya Koo Itokanayo na Kirusi: Sigara Inavyopunguza Matumaini ya Kupona

Saratani za koo hazifanani. Baadhi ya zile zinazoota kwenye mafindofindo au kwenye shina la ulimi husababishwa na kirusi cha HPV, hasa aina ya 16, kirusi kilekile kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Ajabu ni kwamba mgonjwa wa aina hii ana nafasi kubwa zaidi ya kupona kuliko mwenzake ambaye uvimbe wake hauna kirusi. Nafasi hiyo, hata hivyo, hupungua akiwa mvutaji.

Mwaka 2010, Dkt. Kian Ang na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 323 wa saratani ya koromeo. Karibu theluthi mbili walikutwa na HPV kwenye uvimbe. Baada ya miaka 3, asilimia 82 ya hao walikuwa hai. Kwa wasio na kirusi ilikuwa asilimia 57. Kisha watafiti wakahesabu sigara. Kipimo chao ni mwaka wa pakiti, yaani pakiti moja ya sigara 20 kila siku kwa mwaka mzima. Aliyevuta nusu pakiti kwa miaka 20 ana miaka 10 ya pakiti: sigara 73,000. Kila mwaka wa pakiti ulikwenda sambamba na ongezeko la takriban asilimia 1 katika hatari ya kufa. Wenye HPV waliovuka miaka 10 ya pakiti, na ambao saratani ilikuwa imeshasambaa sana kwenye tezi za shingo, walishuka hadi kundi ambalo ni asilimia 71 tu waliokuwa hai baada ya miaka 3. Kundi lenye matumaini makubwa zaidi lilikuwa na asilimia 93.

Kwa nini? HPV huizima p53, protini inayolinda seli, lakini haiharibu kinasaba chake. Ndiyo maana wanasayansi wengi wanaamini kwamba seli za uvimbe wenye HPV hubaki dhaifu mbele ya mionzi inayotumika kutibu saratani hii. Kemikali za tumbaku hukiharibu kinasaba chenyewe. Isitoshe, moshi huleta kaboni monoksaidi, inayokamata nafasi ya oksijeni kwenye damu, na mionzi huua vizuri seli zenye oksijeni ya kutosha.

Hebu mfikirie mgonjwa anayetibiwa kwa mionzi. Siku 5 kwa wiki, kwa takriban wiki 7, analazwa mezani, uso na mabega yamebanwa na barakoa ya plastiki iliyofinyangwa kwa umbo lake, asitikisike. Mate yanakauka, kumeza kunauma. Akitoka hapo akawasha sigara, anaidhoofisha tiba aliyoivumilia. Utafiti wa mwaka 2012 ulioongozwa na Dkt. Maura Gillison ulionyesha kuwa waliovuta wakati wa mionzi walikuwa na hatari ya kufa karibu mara mbili ya wasiovuta.

Ndugu wengi humhurumia mgonjwa: mwacheni avute, saratani si ameshaipata? Huruma hiyo inamgharimu. Hata baada ya saratani kugundulika, hujachelewa kuacha. Mwambie daktari idadi ya kweli ya sigara unazovuta, omba msaada wa kuacha, na uache kabla ya siku ya kwanza ya mionzi.