Kutoka Puto Hadi Ngozi

Uvimbe ukishatolewa titini, hubaki shimo. Saratani ikirudi, mara nyingi huchipuka jirani na shimo hilo. Ndiyo maana mgonjwa mwenye umri mkubwa kidogo na uvimbe mdogo ambao haujasambaa anaweza kupigwa mionzi eneo hilo tu badala ya titi zima. Kwa kawaida hupigwa mara mbili kwa siku, kwa kupishana saa sita au zaidi, na kwa siku tano anakuwa amemaliza.

Njia kongwe ni ya mirija mingi myembamba inayopenyezwa kwenye nyama kutoka upande mmoja hadi wa pili. Mashine husukuma chembe ya iridiamu-192, iliyo kwenye ncha ya waya, ndani ya mrija mmoja baada ya mwingine. Kazi hii inataka mkono uliozoea, na wengi waliikwepa.

MammoSite, kifaa cha puto kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2002, kiliwapunguzia madaktari kazi. Puto huingizwa likiwa limenywea, kisha hujazwa maji ya chumvi hadi lishikane na kuta za shimo. Katikati yake upo mrija mmoja. Kipimo cha mionzi ni grei 34 zilizogawanywa mara 10, kikihesabiwa sentimita moja nje ya puto. Tatizo ni kwamba chembe ikikaa katikati, mionzi husambaa sawa pande zote, na mbavu na ngozi hazina wa kuzitetea. Ngozi ikiwa chini ya milimita tano kutoka kwenye puto, hatari ya kuungua ni kubwa, kwa hiyo wenye matiti madogo walirudishwa nyumbani na ushauri mwingine.

Kifaa kingine, Contura, kililiongezea puto mirija ya pembeni. Kingine, SAVI, kiliacha puto kabisa: njiti zake hufunguka ndani ya shimo kama mwavuli, na chembe hukawia kwenye njiti zinazoelekea nyama, ikapita haraka upande wa ngozi au isipite kabisa. Kwangu huo ndio werevu wa kweli, kuliko urahisi wa puto.

Mashine ya Intrabeam hutumia eksirei hafifu, grei 20 mara moja, mgonjwa akiwa bado chumba cha upasuaji. Ila majibu ya maabara huja baadaye, na yakionyesha hatari zaidi, wengine hulazimika kurudi kupigwa titi zima.

Kisha madaktari wa Florence, Italia, wakajaribu bila kuingiza mrija wala puto mwilini: mashine ya nje, grei 30 kwa mara tano. Baada ya miaka 10, saratani ilikuwa imerudi kwenye titi kwa asilimia 3.7 ya wagonjwa hao, dhidi ya 2.5 ya waliopigwa titi zima, tofauti ambayo kitakwimu haikuthibitika. Ngozi zao zilidhurika kidogo kuliko za waliopigwa titi zima.