Kumsaidia mhalifu kunaweza kumlinda raia?

Uporaji ukizidi mtaani, watu hudai msako. Ushahidi kutoka Monrovia, Liberia, unaonyesha kwamba kuna wahalifu wanaoweza kuzuiwa mapema zaidi, kwa kuwarudisha ndani ya jamii. Watafiti Christopher Blattman, Julian Jamison na Margaret Sheridan walifuatilia wanaume 999, wengi wao wezi, wauza dawa za kulevya na wapiganaji wa zamani. Baadhi walipata wiki 8 za mafunzo ya kuzuia hasira na kupanga maisha, chini ya wakufunzi ambao wengine waliwahi kuishi maisha hayohayo. Mazoezi yalikuwa ya kawaida kabisa: nywele zikatwe, nguo zifuliwe, kisha kijana aingie benki au duka la simu na kuzungumza na mhudumu kama mteja yeyote. Kwa aliyezoea kufukuzwa mlangoni, hilo si jambo dogo.

Baadhi ya wanaume hao walipewa pia dola 200. Aliyeporwa atauliza, na ana haki, kwa nini mnyang'anyi apewe dola hizo ilhali yeye hajalipwa chochote. Lakini pesa peke yake haikuleta mabadiliko ya kudumu, na mafunzo peke yake yalififia. Waliopata vyote viwili walipunguza uhalifu na ukatili kwa karibu nusu, hata miaka 10 baadaye. Polisi na mahakama bado wanahitajika, kwa kuwa si kila mtu alibadilika. Hata hivyo, gharama ilikuwa takriban dola 530 kwa mtu, na waliofaidika zaidi ni majirani ambao hawakuibiwa.